Jina Nyuma ya Pedi ya Pili

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, runinga ya saluni ya Igarashi ilianza kuhema.

Haikukwaruza wala kuunguruma kama runinga mbovu. Ilihema. Pumzi ndani, pumzi nje, na katikati yake kafilimbi kembamba, kama ka mtoto mwenye kifua kibaya. Towako Igarashi, mwenye saluni, mwanamke wa miaka arobaini na sita asiyeyumbishwa na upuuzi, alidhani ni kiyoyozi. Akakizima. Pumzi ikaendelea. Basi akavaa ndara, akavuka barabara kwenye mvua, akaja kuniita mimi.

Mimi ni Shigeo Honma, fundi wa redio na runinga. Nimestaafu, lakini mkono bado unaniwasha. Hapa Tsubame, mji wetu wa wafua vyuma, ambapo kila nyumba ya tatu inafua vijiko au inasugua sufuria, kitu kikiharibika mapema ni aibu ya ukoo mzima. Ndiyo maana mashine ya gemu ya saluni ile ilikuwa fahari yangu. Ilinunuliwa mwaka 1985, ikawekwa kwenye kona ya wateja ili watoto wanaosubiri kunyolewa wasirukeruke. Tangu hapo saluni imebadilisha viti mara mbili, runinga mara nne, na mume wa Towako mara moja. Mashine ni ile ile. Imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, imemwagiwa chai, imekanyagwa, imeanguka kutoka kwenye rafu siku ya tetemeko, na bado ukiibonyeza inawaka bila kinyongo. Nilikuwa nimebadilisha vipuri vyake vidogo vidogo kwa miaka mingi, na kila nilipofunga skrubu ya mwisho, Bi Mitsue, mama yake Towako, aliniuliza swali lile lile.

"Fundi, itadumu?"

Nami, kwa majigambo ya ufundi, nilimjibu jibu lile lile.

"Itatuzika sote, mama."

Inafaa mjue kitu kimoja kuhusu mashine hizo za zamani. Zilikuja na pedi mbili za mkononi za kuchezea, zilizoungwa humo humo kwa waya, huwezi kuzichomoa. Pedi ya kwanza ina kitufe cha kuanzisha mchezo na kuusimamisha. Ya pili haina. Mchezaji wa pili anaanza akianzishiwa, anapumzika akipumzishwa. Labda kwa kumpoza, watengenezaji walimwekea kipaza sauti kidogo ndani ya pedi yake, akipiga kelele pale sauti inatoka kwenye runinga. Watoto wa enzi zile walikipenda kile kitobo kuliko gemu lenyewe.

Nilipofika siku ile, saluni ilikuwa imefungwa, maana Jumatatu vinyozi wetu hawafanyi kazi. Mnara wa mistari unaozunguka, alama ya kinyozi, pale mlangoni ulikuwa umesimama. Nikasikia pumzi kwa masikio yangu, nikacheka. Nikamwambia Towako kwamba kipaza sauti cha pedi ya pili kimeingia unyevu, jambo la dakika tano. Nikaifungua pedi. Nikakaa nimeitazama muda mrefu kuliko dakika tano, kwa sababu waya za kipaza sauti zilikuwa zimekatwa, zimekunjwa, na kufunikwa kwa utepe mweusi uliokauka. Nilikuwa nimezikata mimi mwenyewe, miaka thelathini na mbili nyuma.

"Vipi, fundi?" Towako aliuliza.

"Unyevu," nikasema. Nikaifunga. Sikutaka kumwambia, na sijui nilikuwa namficha yeye au najificha mwenyewe.

Nyuma ya pedi ile kulikuwa na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa mwandiko wa mtoto anayekandamiza: Yasuto. Huyo alikuwa mdogo wake Towako. Pedi ya pili ilikuwa yake kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya dada, na dada hakuwa mtu wa kugawana. Alikufa kwa kichomi akiwa na miaka tisa, theluji ikiwa imefika madirishani. Majira ya machipuko yaliyofuata watoto wa wateja walipopiga kelele kwenye kipaza sauti kile, Bi Mitsue alikuwa akitoka nje na kusimama barabarani hadi wamalize. Ndipo nikazikata zile waya, bila kuambiwa na mtu.

Na mwaka mmoja kabla ya runinga kuhema, familia ilimfanyia ibada ya mwaka wa thelathini na tatu, kwa hesabu yetu inayoanza na mwaka wenyewe wa kifo. Hiyo ndiyo ya mwisho. Hadi hapo marehemu ni mtu, ana kibao chenye jina kwenye madhabahu ya nyumbani, anawekewa wali wake. Baada ya hapo kibao kinapelekwa hekaluni kuchomwa, naye anaungana na mizimu ya ukoo, hana jina tena, hasumbui wala hasumbuliwi. Mtawa Ryokai wa hekalu letu alisoma sala, tukala, tukanywa. Bi Mitsue hakulia. Alinawa mikono akaosha vyombo, na mimi nikasema moyoni, mwanamke huyu ni chuma cha Tsubame kweli.

Jumatatu ya pili tangu pumzi ianze, ilikuja harufu. Towako alinieleza kwa sauti ya chini, ameshika mkono wangu kana kwamba nitakimbia. Ilikuwa harufu ya dawa ya kupaka kifuani, ile kali inayotia machozi, ambayo haikuwahi kununuliwa katika nyumba ile tangu msiba. Ilitoka kwenye kona ya gemu. Alipomgeukia mama yake ili amuulize, alimkuta Bi Mitsue amekaa mbele ya runinga, magoti pamoja, anatabasamu. Mama akabonyeza kitufe cha kuanza. Wachezaji wawili wakatokea, mwekundu na wa kijani. Bi Mitsue hakujua kucheza, mwekundu wake alisimama tu. Wa kijani alikimbia, akaruka, akarudi, akazunguka, na pedi ya pili ilikuwa juu ya rafu, imelala, haijashikwa na mtu.

"Amerudi," mama alisema. "Usimtishe."

Kuanzia hapo Bi Mitsue akaanza kwisha. Sitii chumvi. Daktari alipima damu, mapafu, moyo, akasema hana ugonjwa wowote zaidi ya kula chumvi nyingi. Lakini kila Jumatatu alipakua bakuli la wali, akasimamisha vijiti viwili katikati yake, vile tunavyomsimamishia maiti, jambo ambalo mtoto akilifanya kwa mchezo tunamchapa, akaliweka mbele ya mashine. Jioni aliula ule wali uliopoa. Towako aliuonja siku moja akatema. Alisema ulikuwa mweupe, laini, na hauna ladha hata ya maji. Mama alikuwa anakula makapi, na mwingine anakula chakula. Ndani ya mwezi mmoja kimono chake cha nyumbani kilimzunguka mara mbili.

"Fundi, nitampoteza," Towako aliniambia. "Lakini nikimfukuza Yasuto, si nitakuwa nimemfukuza mdogo wangu? Tena mimi, niliyemnyima pedi ya kwanza?"

Nikamwahidi kwamba Jumatatu inayofuata nitakaa naye.

Tulikaa, sisi watatu, mchana kweupe. Nje kulikuwa na joto na nyenje wanalia hadi masikio yanaziba. Bi Mitsue akabonyeza kuanza. Wa kijani akaja. Pumzi ikaja, na dawa ya kifua. Nilikuwa nimepiga moyo konde, nikijiambia kwamba hata kama ni mzuka, ni mzuka wa mtoto niliyemfahamu, niliyempa peremende. Halafu runinga ikasema, taratibu, kwa sauti ya mvulana mwenye mafua:

"Dada. Zamu yangu ya kwanza lini?"

Towako akajifunika mdomo. Machozi yakamtoka, akasogea mbele, akanyoosha mkono kuichukua ile pedi ya kwanza kutoka mapajani mwa mama yake, na nadhani angeigawa hapo hapo, angeiweka juu ya ile rafu na kusema chukua, chukua, nisamehe. Ila saa ilifika kumi na moja.

Saa kumi na moja jioni, vipaza sauti vya manispaa hupiga ule wimbo wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Unausikia mji mzima, kutoka mtoni hadi viwandani. Katika nyumba ya Igarashi ule wimbo ulikuwa sheria. Wimbo ukianza, Yasuto alikuwa anaweka pedi chini hata kama amebakiza hatua moja kushinda, kwa sababu alimwogopa mama yake kuliko dunia nzima. Tulikuwa tunamtania kwa hilo.

Wimbo ukapigwa. Wa kijani akaendelea kuruka.

Ukapigwa hadi mwisho. Aliendelea kuruka, kwa furaha, hakugeuka hata kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo ule maishani mwake na hajui kwamba unamhusu. Towako akaurudisha mkono wake polepole. Akanitazama.

"Si yeye," alinong'ona.

Mtawa Ryokai alikuja Jumatatu iliyofuata. Ni mtu mnene, mpole, anayependa besiboli, na sikuwahi kumwona akiogopa. Alisikiliza pumzi ile, akanusa, akaigeuza pedi ya pili akasoma jina, na rangi ikamtoka usoni. Aliomba chai ya shayiri. Bi Mitsue akammiminia.

Alitueleza bila kuzungukazunguka. Yasuto alishakwenda. Tulimsindikiza vizuri mwaka jana, amefika, hakuna cha kumdai. Lakini tulichoma jina lake moja, tukasahau kwamba kuna lingine. Kitu chochote kingine cha mwaka aliokufa kingekuwa kimeshaoza au kutupwa. Hii mashine haikufa. Jina lilibaki juu yake limekaa tupu, halina mwenyewe, kama nyumba yenye taa inayowaka na mlango ulio wazi, na huko nje wapo wasio na jina wala wa kuwapakulia wali.

"Ameliokota na kulivaa," alisema. "Na akishamaliza kumla mama, atataka pedi ya kwanza, na dada mtu pamoja nayo."

Nilijikuna kichwa. Nani aliyeifanya isife? Towako hakunitazama, na nilimshukuru.

Dawa yake haikuwa kubwa. Jina lifutwe na mkono wa ndugu wa damu. Kisha mashine itoke ndani ya nyumba siku ile ile, ipelekwe hekaluni, isomewe na kuchomwa pamoja na wanasesere wa zamani. Bi Mitsue alisikiliza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa. Hakupinga. Aliuliza swali moja tu.

"Huyo asiye na jina, ni mtoto?"

"Mama, sijui ni nini," mtawa alisema. "Na wewe usitake kujua."

Towako alichukua pamba na chupa ya spiriti, ile ya kusafishia nyembe. Mtawa akaanza kusoma. Nikaishika pedi kwa mikono miwili juu ya meza, uso chini, na pamba ilipogusa wino wa kwanza runinga ikawaka yenyewe, wa kijani akasimama katikati ya kioo akatugeukia, na wachezaji wa gemu zile hawana uso wa kugeuza, wana vidoti tu, lakini alitugeukia, na pumzi ikaharakisha, na kafilimbi kakawa kilio, na kilio kikawa maneno, dada inauma, dada baridi, dada nifunike, kwa sauti ile ile ya mvulana mwenye kichomi, na Towako analia kwa kelele huku anasugua, anasugua, hadi pamba ikawa nyeusi na kucha zake nyeusi, na ile pedi mikononi mwangu ikawa ya moto kama kiazi cha jivuni na sikuiachia, na harufu ya dawa ikatujaa kooni tukakohoa sote wanne, kisha mstari wa mwisho wa jina ukafutika, na runinga ikazimika.

Nyenje wakasikika tena. Sikujua kwamba walikuwa wamenyamaza.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu. Mtawa alisema tuitoe mashine papo hapo, gari lake lipo mlangoni. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani, ile ya wauza samaki, iliyochapwa siku za bahati na siku za nuksi. Siku ile ilikuwa ile inayoitwa ya kuvuta rafiki. Hakuna familia hapa kwetu inayozika siku hiyo. Wanasema maiti akitoka, anatoka na mwenzake. Hata mahali pa kuchomea maiti hufungwa. Nikasema, jamani, kuna mgonjwa humu ndani, tutoe mzoga wa jini siku ya kuvuta rafiki? Mtawa alikasirika. Alisema Buddha hajui kalenda ya wauza samaki. Lakini Towako alimtazama mama yake alivyokonda, akaniunga mkono. Kesho alfajiri, tukasema. Jina limeshafutwa, usiku mmoja utatudhuru nini? Tukaichomoa mashine kwenye umeme, tukaifunga kwa kitambaa cheupe. Jioni ile Bi Mitsue alikula tambi bakuli zima, na Towako akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Asubuhi nilifika na kigari changu. Niliwakuta jikoni wanafungua kinywa. Bi Mitsue alikuwa anakula wali kwa samaki, rangi imemrudi mashavuni, anatafuna vizuri, na moyo wangu ukatulia.

"Bi Mitsue, umeamkaje?"

Hakuinua uso. Nikadhani masikio. Nikasogea nikamsemesha tena, kwa sauti, kwa jina lake. Aliendelea kutafuna. Towako akageuka kutoka kwenye jiko, mwiko mkononi.

Na kutoka upande wa saluni, nyuma ya pazia, kwenye runinga, sauti ya kike, ya kizee, yenye adabu zake zote, ikasema:

"Nimeamka salama, fundi. Karibu ndani."

Tuliingia. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa vizuri kona kwa kona, kama anavyokunja yeye. Mashine ilikuwa imechomekwa na inawaka. Kwenye kioo, mwekundu na wa kijani walikuwa wamesimama bega kwa bega. Niliigeuza pedi ya pili. Wino ulikuwa mbichi, mwandiko wa mkono unaotetemeka: Mitsue.

Towako alirudi jikoni akapiga magoti mbele ya mama yake. Alimuuliza kwa nini. Mama yake alimtazama kama unavyomtazama mpita njia aliyekuomba moto, akajibu bila huzuni wala furaha.

"Kalikuwa kanalia usiku kucha. Hakana jina. Nikakapa langu."

Towako alikimbilia saluni akachomoa waya wa umeme. Nilikuwa nimebaki jikoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Bi Mitsue alikuwa ameinua tonge. Mkono ulisimama hewani. Taya likasimama. Kifua kikasimama. Macho yalibaki wazi na chembe ya wali kwenye mdomo wa chini haikuanguka. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao, nikamwambia Towako arudishe, arudishe. Akarudisha. Tonge likaingia mdomoni, na mama akaendelea kutafuna.

Mtawa Ryokai alikuja akakaa hadi jioni. Alisema kufuta jina la aliyekufa ni jambo moja, na la aliye hai ni jingine. Akilifuta hilo hajui kitakachobaki kwenye kile kiti cha jikoni. Hakuwa na neno la kunilaumu. Ningependa angekuwa nalo.

Huu ni mwaka wa tatu. Bi Mitsue ananenepa, analala, anakula, hakuna anayemwita akaitika. Towako anamnyoa na kumwogesha, halafu anakwenda saluni kuzungumza na runinga, kwa sababu mama yake yuko kule. Wateja wameambiwa kona ile imeharibika. Nimeifungia mashine betri mbili za akiba kwa ajili ya theluji inapokata umeme. Nimekusanya mashine nyingine nne za aina ile, mbovu, za kukatia vipuri, na nimeshamaliza vya tatu. Vipuri vingine havitengenezwi tena popote. Nina miaka sabini na saba, na mkono unaoshika lehemu umeanza kuchezacheza.

Jumatatu iliyopita nilibadilisha kipuri kingine huku inawaka, jasho linanidondoka, Towako akinishikia taa. Nilipofunga skrubu ya mwisho, runinga ikahema kidogo, kisha ikaniuliza kwa sauti ya Bi Mitsue.

"Fundi, itadumu?"

Towako aliishusha taa, akasubiri jibu langu. Nilikusanya bisibisi zangu moja moja, na nyuma ya sauti ile, karibu kabisa na kipaza sauti nilichokikata, nikasikia kitu kingine kinacheka.

"Itatuzika sote, mama," nikasema.